Mseto wa Alhamisi

Jumapili ya Aprili, theluji chafu bado kando ya njia,
Tuovi Hakkarainen aliandika nambari moja, 147,
kwa penseli iliyofungwa kamba kama mbuzi.
Usiku nambari yake ilianguka kwa kura tisa.
Tisa! Watu wa kujaza lifti.

Hakuna aliyeshinda.
Au tuseme walishinda wengi, kila mmoja kidogo.
Wakaingia jumba lenye nguzo, Helsinki,
vyama vinne visivyosalimiana barabarani,
na Tuovi, mpishi, akawaletea supu.

Huko Alhamisi ni supu ya njegere.
Hilo halijadiliwi.
Askari huila, watoto wa shule huila,
na wanaotafuta serikali watafanyaje?

Alhamisi ya kwanza walikaa meza nne.
Ya tatu, bwana wa kodi alipiga ngumi, kijiko kikaruka.
Ya tano, mama wa mazingira
alimsogezea mwenye misitu haradali
bila kuombwa,
na Tuovi akajua kabla ya magazeti.

Lugha yangu inaiita mseto:
mchele na choroko, chungu kimoja.
Ukikoroga mno ni uji,
usipokoroga unashika chini.
Na hakuna aliyewahi kuziuliza choroko
kama ziliridhia.

Alhamisi ya saba walitoka ngazini,
wakatabasamu kama wakwe mbele ya kamera.

Ndani, Tuovi alikusanya bakuli.
Mkataba ulikuwa mezani, kurasa mia moja tisini na mbili,
umefunguka themanini na tatu:
vituo vidogo vya afya vitaunganishwa.
Neno zuri, kuunganishwa.
Maana yake mama yake, miaka themanini na tisa,
kule juu ya Kuopio,
atasafiri kilomita sabini kupimwa presha.
Juu ya sentensi hiyo mtu alikuwa ameweka bakuli;
duara la kijani lilikuwa halijakauka.

Alilifuta. Duara lilitoka, sentensi ikabaki.

Mlango ukafunguka. Waziri mtarajiwa,
yule aliyemshinda 147 wake,
alikuwa amesahau skafu.
"Supu yako, mama, imetubeba," alisema.

"Haikuwa na chumvi," Tuovi alijibu.
"Wiki zote saba.
Nilingoja mmoja wenu aseme."