Punguzo la Kodi

Lugha yangu ina uvivu mmoja:
anayemlipa mwenye nyumba analipa kodi,
anayeilipa serikali analipa kodi.
Nilimweleza hivyo Bibi Fernande Ouellette, akacheka,
akasema, kwa Kiingereza chake chenye mifupa ya Kifaransa,
basi wewe unaijua mara mbili,
hebu nisomee hizi karatasi.

Ilikuwa Aprili, Lewiston, jimbo la Maine,
theluji ya kando ya barabara imegeuka masizi,
na mimi, mhasibu wa Moshi, mkunja mashuka wa hospitali,
nimeketi jikoni kwake na kalamu,
na kikombe cha chai isiyojua tangawizi.

Novemba walikuja mafundi wawili.
Waliingiza bomba darini, juu ya kitanda changu,
wakapuliza magazeti yaliyosagwa
mpaka dari ikashiba:
chaguzi, misiba, matangazo ya magodoro,
habari zote zile zimelala kifudifudi zikizuia upepo.
Kabla yake, Januari ilikuwa ikiingia bila hodi.
Nililala na kofia.
Pua yangu ndiyo iliyokuwa kipimajoto.

Aliambiwa: serikali itakurudishia asilimia thelathini.
Risiti akaihifadhi ndani ya Biblia, penye Zaburi,
akaanza kuzitumia zile fedha kichwani.
Jino la mbele.
Basi la kwenda Quebec kwa dada yake Solange.

Nikasoma.
Vifaa vihesabiwe, mikono ya mafundi isihesabiwe.
Nikaiondoa mikono ya mafundi.
Vikabaki vifaa, dola elfu mbili na mia nne;
thelathini kwa mia, mia saba na ishirini.
Bibi Fernande akaweka viganja mezani
kama mtu anayesubiri sahani.

Kisha ule mstari mwembamba kama sisimizi:
punguzo lisizidi kodi unayodaiwa.
Anadaiwa mia na kumi na mbili.
Mjane wa mshona viatu wa kiwandani,
pensheni, na kodi yangu ya chumba, basi.
Zilizobaki, mia sita na nane,
hazirudi, hazisubiri mwaka ujao,
hazina hata kaburi la kwenda kuliangalia.

Nikatafuta namna ya kumwambia
kwamba ili upunguziwe sharti uwe nayo tele;
kwamba daktari wa meno wa kule mlimani,
mwenye paa linalometa kama sinia,
amelamba yake yote mpaka kidole.
Mhenga angelisema kwa maneno matatu.
Mimi nilimwonyesha mstari kwa ncha ya kalamu.

Alinyamaza. Friji ikanguruma kwa niaba yake.
"Kule juu," akauliza, "siku hizi unalalaje?"
Bila kofia, nikasema.
"Tangi la mafuta nilikuwa nalijaza mara nne.
Safari hii mara mbili na nusu."
Hilo halikuwa na mstari kwenye fomu.
Nililitafuta, kwa mazoea.

Nilijua mhasibu yeyote angemshauri nini:
nyumba imepata joto, pandisha.
Mimi mwenyewe ningemshauri hivyo,
lau nisingekuwa mimi wa kupandishiwa.

Akatia sahihi. Nikatoa bahasha yangu ya mwezi.
Akahesabu noti kwa kidole kilicholambwa,
akachomoa ishirini, akanisukumia:
"Ya kusoma."
Nami nikawa mtu wa kwanza katika nyumba ile
kupata punguzo la kodi
ambalo anaweza kulishika mkononi.

Julai chumba kilipanda dola arobaini.
Agosti jino likarudi mahali pake,
jeupe kuliko wenzake, kama mgeni kanisani.
Bado nalala bila kofia, chini ya magazeti.
Usiku mwingine, kukiwa kimya, nakisia tarehe zake.