Friji ya Safari

Iliteremshwa kwenye gari la watalii ikiwa imeshachoka,
kishikio kimefungwa waya, kifuniko kina kovu
la jino la fisi; ndivyo alivyoapa dereva aliyeniuzia.
Sikubisha. Bei ilikuwa nzuri.

Sasa iko Kijenge, chumbani kwa mama,
inanyonya betri ya lori.
Bia za wageni imezisahau.
Inalinda vichupa vitatu vya insulini.

Lakini kelele!
Grrr-taka, grrr-taka, usiku kucha,
kama mashine ya kusaga iliyomeza kokoto.
Akundaeli wa chumba cha pili anagonga ukuta kwa ufagio.
Mama yeye analala fofofo.

Jumapili nikaipindua juu ya gunia.
Nikapangusa feni: vumbi, manyoya,
mbegu za nyasi nisizozijua.
Siyo hiyo.
Nikaiwasha, nikaishika kompresa kwa kiganja,
ikanijibu mpaka kwenye kiwiko:
raba za miguu zimeoza zote nne,
chuma kinatafuna chuma.
Basi nikaikata kandambili yangu ya kushoto,
vipande vinne vya bluu,
nikakaza nati.

Kimya.
Akundaeli akachungulia dirishani kuuliza kama tumehama.

Saa nane za usiku: "Eliakunda! Amka, imekufa!"
Umeme hakuna mtaa mzima.
Nikautafuta mkono wa mama gizani,
nikauweka juu ya kifuniko.
Tukangoja.
Chini ya vidole vyake kikapita kitu kidogo,
paka aliyeshiba.

"Hm," akasema.
Mkono hakuutoa.
"Kesho legeza nati moja."