Karanga Tisa

Viganja vinaloa kabla Nguba haijaisha.
Nsimire ananijua; hasemi "usiogope."
Anamenya karanga, ananitia moja mdomoni:
"Tafuna. Gia ya kwanza. Tafuna."

Chini, Ruzizi unachomoka ziwani
kama mtu aliyekumbuka deni.

Lori la saruji linasita. Nami nasita.
Daraja linanguruma mpaka kwenye meno yangu.
Maji siyatazami.
Namtazama mama mwenye beseni la sambaza kichwani,
anavuka kwa miguu,
anapiga miayo.

Miayo! Hapa!

Karanga ya nane.
Ya tisa, na tairi zinagusa udongo.

Napumua. "Bado kurudi," namwambia.
Nsimire anakunja karatasi, anaitia mfukoni.
"Za kurudi nimeshazihesabu."