Forodha

Aliangua peke yake, mvua za vuli.
Mayai kumi viza, la kumi na moja likagonga.
Koo akamkataa. Nikamtia kwenye kikapu cha nyuzi
chini ya cherehani, karibu na chemli,
nikamlisha pumba kwa ncha ya kidole.
Wateja wa barabara ya kumi na tano
walikuja kupima magauni, wakamkuta begani kwangu
ananinong'oneza kama mwenye siri ya mtaa mzima.
Nilijisifu: huyu hana ukuchi.
Baba yake kuchi wa Pangani, shingo kama bomba,
lakini mama kishingo tu wa Makorora, hana neno na mtu.

Mwezi wa tano akaanza kushusha bawa.
Anakuja upande upande, ncha za nyonya zinakwaruza udongo,
nami nacheka, nasema anacheza na mama.
Hakuwa anacheza.
Alikuwa anauliza mimi ni nani kwake,
nami, mjinga, nikarudi nyuma hatua moja.
Hatua moja. Akaiandika.

Tangu hapo jina lake Forodha:
hapiti mtu uani bila kulipa.
Muuza maziwa kalipa soksi. Fundi bomba, suruali.
Mwanakheri, mke mwenzangu wa zamani,
alikuja kutaka tupatane, akalipa khanga mpya,
na upatanisho ukaahirishwa.
Mimi naingia bandani na mfuniko wa sufuria,
askari wa vita vya pumba.
Jirani akiita ukutani, "Vipi, shoga?"
nainua gauni hadi gotini:
vipi ni viwili, kimoja kila mguu,
na hapa ndipo vilipotia saini.

Kila mtu ana dawa.
Mkate vipi. Mnyime mahindi, yanachemsha damu.
Muongezee majike, mwenye kazi hana muda wa ugomvi.
Mbebe kwapani mchana kweupe, aone aibu.
Nilijaribu ya kwapa. Ngamiani nzima nilizunguka naye,
katulia kama mkoba.
Nilipomweka chini alinishukuru kwa teke.

Usiku methali mbili zinagombana kichwani.
Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, yasema moja.
Mwana wa nyoka ni nyoka, yajibu ya pili.
Kisha zote zinanigeukia:
mbegu nilichagua mimi, na kidole ni changu.

Akaja Shebughe wa Pongwe na pikipiki yake,
akapima kipi kwa kidole gumba,
akatoa noti bila kuzihesabu.
"Huyu si mbaya. Yupo pasipo pake tu."
Pake napajua: ua wa nyuma, wanaume duara,
wembe umefungwa mguuni,
na pesa zinapita juu ya kichwa chake.
Nikamrudishia noti zake.

Ijumaa, Rukaya, mjukuu, miaka mitatu,
aliinama kuokota kifungo.
Kidonda kidogo, inchi moja chini ya jicho.
Inchi moja. Nami nikaandika.

Athumani alichinja. Miguu niliishika mwenyewe.
Mkononi mwangu alitulia,
akanong'ona ule mnong'ono wa kikapuni,
nami sikusema kitu, kwani ningesema nini.
Saa tatu kwenye nazi, nyama bado inabisha.

Lakini tembe mweusi alikuwa amelalia mayai yake tisa.
Nililitoa moja, nikalielekeza kwenye taa:
mishipa imeshatanda, na kijitone kinapiga.
Nikalirudisha chini ya joto.

Sasa nina pora watano.
Siwabebi, siwapi majina, pumba naimwaga chini.
Wanne hunipisha njia.
Wa tano, jana, alishusha bawa.
Nikasimama. Sikurudi nyuma, sikuinua mfuniko.
Nilisimama mpaka nikasikia harufu ya ubwabwa unaungua,
na bado nikasimama,
hadi akageuza shingo ile ndefu kama bomba
akajifanya ameona punje.