Haipigi Hodi

Mliituma na basi la Makete, ndani ya kiroba cha sukari,
imevalishwa soksi ya mtoto isivunjike.
Kondakta akaniambia, Mama Eliuta, leo una mzigo wa maana.
Nikauchukua mzigo wa maana, nikauweka kabatini
nyuma ya vikombe vya harusi yangu
ambavyo navyo havijawahi kunywewa.

Ikakaa huko miezi minne.
Msiseme mama mshamba. Nilikuwa na sababu zangu.

Anayenitaka apande kilima.
Avuke kijito, tope limshike viatu,
abwekewe na mbwa, akohoe pale kwenye mianzi,
ndipo apige hodi.
Mimi nimeshapata muda:
nimegeuza ugali, nimefuta mikono kwenye kitenge,
nimemjua ni nani kwa kikohozi chake.
Simu haikohoi.
Inaingia na viatu vyake mpaka chumbani.

Halafu lile swali lao: Uko wapi?
Miaka sitini na tatu hakuna aliyeniuliza.
Niko kwenye viazi. Msimu wa pareto, niko kwenye pareto.
Jumapili benchi la tatu, upande wa wanawake.
Na mbona wenye simu hawako pale walipo?
Ayubu wa shemeji yangu, huyu huyu,
kasimama jikoni kwangu, kande mdomoni,
anamwambia mtu, "Ndio naingia Makambako."
Makambako!
Na machozi yanamtoka kwa moshi wa kuni zangu.

Ikaja Juni, na sakitu juu ya majani,
shamba jeupe kama limemwagiwa chumvi.
Nilikuwa nachimba viazi, naimba.
Sauti yangu mnaijua, haina aibu.
Tulalumba akapita njia ya juu, akanipungia, hakusimama.
Mke wa mwalimu akaniletea maji ya kunywa,
akaniangalia nikinywa mpaka tone la mwisho.
Nikajiuliza, kwani leo ninaumwa?

Jioni wakaja sita kwa pamoja.
Hodi hawakupiga. Walisimama tu uani,
wanaume wamevua kofia.

Dada yangu Vestina, kule Mlangali. Alfajiri.
Habari ilifika kwenye simu ya Tulalumba saa mbili asubuhi.
Saa mbili.
Kutwa nzima nimeimba juu ya kifo cha dada yangu
na kijiji kizima kinasikia, kinanionea huruma.

Siwalaumu. Hata mimi nisingejua niseme nini.
Ila ule msiba ulikuwa wangu,
na ulizunguka milango ya watu sita
kama mgeni asiyepajua kwangu.

Niliporudi matangani nikavisogeza vikombe.

Kitufe cha kijani nimekijua, Eliuta.
Chekundu sikigusi. Siwezi kumkata mtu,
nasubiri akatike mwenyewe.
Majina yamo matatu tu: wewe, dada yako,
na Tulalumba, ingawa yeye nikimwita kwa sauti anasikia.
Tochi yake, hiyo kwa kweli nimeipenda.
Inanipeleka bandani, inanirudisha.

Mtandao hapa unaishia mlangoni, hauvuki kizingiti.
Nimeitundika kwenye msumari wa fremu,
katika soksi ile ile.
Ikilia, sikimbii. Hata kama ni wewe.
Naipua sufuria. Nafuta mikono.
Nafungua mlango wote, ukungu unaingia na baridi yake,
nasema, Kamwene, karibu,
nasubiri kidogo,
ndipo nabonyeza.