Makapi

Chikichi zikishakamuliwa, watu husema zimekwisha.
Mpozenzi hasemi hivyo.
Huchota makapi nyuma ya mashine ya Simbo,
lile furushi la nyuzi, jekundu kama koo la kifaranga,
hulibana, hufungua kiganja, hutuonyesha:
"Mkono una rangi. Basi kuna kitu kimebaki."

Sisi tulikuwa tukiyachoma,
au tukiyamwaga kijitoni
mpaka maji yakaota ngozi
na bata wa Ntabaye wakatoka wamevaa makoti.

Mjini, alikofagia maabara miaka miwili,
wanaivuta rangi hii kwa jamaa ya petroli,
kitu chepesi, kisicho na subira,
kikipanda hewani kinaingia kichwani mwa mfanyakazi
na jioni hakumbuki alikoegemeza baiskeli.
"Sisi," alisema, "tutatumia kinachonyweka."

Tukanyamaza.
Kila mtu Simbo anajua kinachonyweka.
Anaujua na mtambo: pipa, bomba la shaba, beseni,
uliompeleka mama yake mahabusu mara tatu
na mara ya tatu akarudi hana maneno.
Mpozenzi aliufukua chini ya banda la mbuzi,
akausugua kwa majivu na limao kutwa nzima
bila kumtazama mtu.

Makapi ndani ya gongo,
gongo ndani ya sufuria,
sufuria ndani ya sufuria ya maji yasiyotokota.
"Polepole. Rangi ni mwali,
ukimpigia kelele hatoki ndani."
Akachuja kwa kanga kuukuu. Kisha,
na hapa ndipo niliposogeza kigoda,
akaipitisha pombe bombani tena,
tone, tone, mpaka chupani ilikotoka,
kama mtu aliyeazima jembe
akalirejesha limeoshwa.
Ndoo nzima ya makapi. Chini pakabaki
kikombe kimoja cha kahawa,
kizito, chekundu kuliko mawese yenyewe.

Alhamisi Kilahumba mgambo akafuata harufu.
Akataja sheria, kifungu na faini.
Akachovya kidole katika chombo kisicho chake,
akalamba, akakunja uso, akatema.
Ulimi ukakaa rangi ya chungwa hadi Jumamosi.
Ofisi ya kata walimuuliza amekula nini;
kukana hakuweza, kueleza hakutaka.

Kibali bado. Barua iko juu ya meza ya mtu,
chini ya barua nyingine.
Mwenye sabuni wa Mwandiga ameonja kwa macho,
amesema atarudi. Wanasemaga hivyo.

Lakini juzi usiku, moto ukiwaka,
mama yake alitoka ndani na shuka begani,
akakaa kwenye kigoda changu,
akaweka kidole chini ya bomba,
akasikiliza tone,
akasikiliza la pili.
"Moto umezidi," akasema.

Mpozenzi akavuta ukuni mmoja nje.
Hakuna aliyeongeza neno.