Tone la Buluu

Reijo hasemi mengi. Husema: tone moja.
Gurudumu liliondoka peke yake jana
juu ya barafu ya Kallavesi, likibingirika kama lina miadi,
na kigari cha Aune kikabaki
kikichimba theluji kwa ekseli tupu.
Tuliitafuta nati kwa sumaku iliyofungwa uzi
mpaka vidole vikagoma.

Leo tuko gereji, hita inanguruma.
Anafuta mafuta kwenye hesi kwa spiriti na pamba ya masikio,
ananusa,
anafuta tena.
Tone moja. Chuma kwa chuma tu, Aune;
plastiki, gundi hii huila.
Msichana anakaza kwa nguvu zote za miaka tisa.
“Basi! Hesi ikilika, imelika.”
Pigo kubwa halifungui skrubu, asema Reijo.
Ni mtetemo: mdogo, usiochoka.

Kichupa chekundu amekificha rafu ya juu.
Ile haiachii bila moto.
Nikamwuliza, kwa nini usitie hiyo, kazi iishe?
Akageuzageuza bisibisi mkononi.
“Kesho atataka kufungua.”